Nyota nne kwa sauti mpya ya ofisi yetu ya mabasi, Mwembe Tayari, Mombasa

Nianze na bei, maana najua ndiyo mtakayoniuliza. Shilingi 18,000 kurekodiwa matangazo ya mabasi yetu, Kiswahili na Kiingereza, na malipo ya msomaji yamo humo humo. Studio yenyewe ni chumba kimoja Majengo, ghorofa ya kwanza, juu ya fundi wa simu. Kuta zimefunikwa mablanketi, dirisha limezibwa kwa godoro, na feni huzimwa kila maiki ikiwashwa, kwa hivyo ukienda mwezi wa Februari jiandae kutoka jasho. Kazi yao ya kila siku ni matangazo ya arusi na yale ya dawa ya kunguni na mende yanayopigwa kwenye vipaza sauti vya wachuuzi. Msiwadharau kwa hilo. Mtu aliyerekodi tangazo la kunguni likasikika katikati ya honi za tuktuk ana elimu ambayo wengi wenye studio za viyoyozi hawana.

Mimi ni karani wa tiketi. Miaka yote matangazo nilikuwa nikiyafanya mwenyewe kwa mdomo, na koo langu linajua. Kisha tajiri alipanda treni ya SGR kutoka Nairobi, akashuka Miritini na wazo kichwani. Akasema abiria wa reli huambiwa mambo kwa upole, Kiswahili kisha Kiingereza, naye anakaa anasikiliza; wa kwetu anaitwa kama kuku anayekimbizwa uani. Nikameza. Nilijua ananisema mimi.

Uzuri wa kazi ya hawa vijana uko mahali ambapo abiria hapaoni. Matangazo ya stesheni hayarekodiwi sentensi nzima nzima. Hurekodiwa vipande vipande: "basi la kwenda", "Malindi", "litaondoka", "saa tatu", "kasorobo", halafu mashine huviunganisha kulingana na ratiba. Studio ya kwanza tuliyoiendea, ambayo siitaji, ilirekodi kila mji mara moja, basi. Matokeo yake: "Litapitia. Mtwapa. Kilifi. Malindi." Kila jina linashuka chini ukadhani maneno yamekwisha. Abiria wa Kilifi anainuka kushika mzigo, kumbe sauti bado inaendelea, anakaa tena, anasikia Malindi, anainuka mwingine. Ilikuwa ni vurugu ya kukaa na kusimama.

Huyu kijana wa Majengo alinikalisha na daftari kabla hajagusa maiki. Alitaka kila mji usomwe mara mbili: mara moja ukiwa katikati ya orodha, sauti imeachwa juu, na mara nyingine ukiwa wa mwisho, sauti imetua. Ukisikiliza sasa basi la Lamu likitangazwa, utasikia Kilifi imening'inia, Malindi imening'inia, Garsen, Witu, kisha "Mokowe" inatua, na hata mgeni anajua hapo ndipo basi linapoishia na mashua zinapoanza. Akanichezea na rekodi za Uskoti kunionyesha kwamba hakuyabuni yeye. Mwaka 2022 kampuni ya treni ya ScotRail ilitoa hadharani rekodi za matangazo yake katika faili moja refu la saa mbili hivi, na watu mtandaoni wakalikata vipande zaidi ya 2,400: majina ya stesheni, sababu za treni kuchelewa, vijineno vya kuungia. Vipande zaidi ya 2,400! Vyetu havikufika hata 200, na tulishinda humo mpaka Magharibi.

Nikumbuke na habari ya saa nne. Spika zetu ni zile za mdomo mpana kama za msikitini. Zinapeleka sauti mbali lakini besi yote hubaki humo ndani. Ukisema "saa nne" na "saa nane" kwenye spika hizo, mtu aliye upande wa pili wa barabara hatofautishi, na tofauti yake ni kuachwa na gari. Msomaji wetu ni binti wa Kibokoni, sauti yake si nyembamba wala haina madaha ya redio. Alizisoma saa zote, kijana akazitia kwenye simu, tukashuka mpaka chini tukazichezesha kwenye spika mbovu ya muuza viatu. Nne na nane zikawa kitu kimoja. Tukapanda juu. Binti akaikalia ile n ya kwanza, "n-ne", na "nane" akaifungua kinywa kizima. Tukashuka tena. Afadhali, lakini bado. Mwishowe ni yeye aliyesema, "Ami, kwa nini tusiweke asubuhi na mchana kila mahali? Nikikosea nne, asubuhi itaniokoa." Hivyo ndivyo ilivyo mpaka leo: saa nne asubuhi, saa nane mchana, hata kama jua liko utosini na kila mtu anajua ni mchana. Tangu hapo sijaletewa tiketi ya mtu aliyekuja saa nane kwa gari la saa nne.

Kabla ya sauti kuna kengele ndogo ya noti tatu. Tajiri hakuitaka, aliiona ni mbwembwe. Lakini neno la kwanza la tangazo lolote hupotea, kwa sababu watu wako kwenye maongezi yao, na neno lenyewe la kwanza likiwa "basi" si neno, likiwa "Malindi" ni hasara. Kengele inapotea yenyewe badala ya neno. Waliowahi kupanda treni ya zamani ya usiku, ile iliyosimama 2017 SGR ilipoanza, watamkumbuka mhudumu aliyekuwa akipita ujiani mwa mabehewa akigonga marimba ndogo ya mkononi, kuita watu kwenye chakula cha jioni. Hasemi lolote, na mtu hakosi kuelewa.

Jambo jingine lililonipendeza ni karatasi. Kijana aliandika mkataba wa ukurasa mmoja: rekodi ni za matangazo ya ofisi hii tu, haziuzwi, na haziruhusiwi kulishwa kwenye kompyuta ili itengeneze sauti ya binti ikaseme maneno ambayo hakuyasoma. Tajiri aliona ni ushuhuda wa mahakamani bila kesi. Mimi nilimwambia kesi za namna hiyo zimeshaonekana. Mwaka 2025 huko huko Uskoti mwigizaji Gayanne Potter alijitokeza kulalamika kwamba sauti ya kompyuta iliyokuwa ikitangaza kwenye treni za ScotRail ilitengenezwa kutokana na rekodi zake za zamani, bila yeye kujua itatumika hivyo. Ukimlipa mtu kusoma, umelipia alichosoma. Na kuna faida kwetu pia, kwa sababu tukifungua njia ya Lunga Lunga tutamhitaji arudi asome Ukunda na Msambweni kwa sauti ile ile, na hatarudi akiwa amekasirika. Stesheni za Ufaransa zina sauti ya Simone Hérault tangu 1981. Sisi tumwombe Mungu angalau miaka mitano.

Sasa ile nyota moja.

Tangazo la kuomba radhi ni bovu. Binti amelisoma kwa sauti ile ile tamu ya "karibuni", na dakika zilizorekodiwa ni kumi, ishirini na thelathini tu. Basi letu la kutoka Lamu likakatika springi Gongoni. Ofisi imejaa watu wa kupanda gari hilo hilo kwenda Nairobi, na mashine, kila baada ya muda, inawaambia kwa furaha kwamba basi litachelewa kwa dakika thelathini. Jamaa mmoja alisimama chini ya spika akaiuliza, "Thelathini gani? Za jana?" Nikaizima, nikachukua maiki yangu ya zamani, nikasema springi imekatika, fundi ametoka Malindi, gari halifiki kabla ya alasiri, anayetaka pesa yake aje dirishani. Wawili walikuja. Waliobaki walikwenda zao kula viazi karai. Studio wamejitolea kulirekodi upya bure, kwa sauti ya chini zaidi na dakika nyingi zaidi. Nimewashukuru, na faili nimelifuta. Hilo nitalisema mwenyewe.

La pili ni adhana. Mashine inafuata saa, na saa za swala husogea, kwa hivyo isipozimwa kwa mkono itatangaza gari la Malindi juu ya mwadhini, na Mwembe Tayari hutasamehewa hilo. Walisema wanaweza kuipangia kalenda ya swala kwa shilingi 3,000 zaidi. Nadhani kwa studio ya Mombasa hilo lilifaa liwe ndani ya bei tangu mwanzo.

Kulikuwa na la tatu lakini walilitengeneza: stima ikipotea na kurudi, mashine ilikuwa ikianza upya na faili la kwanza. Mlinzi wetu alikaribishwa safarini saa tisa za usiku, kwa lugha mbili, ofisi ina kufuli. Sasa inaanza kimya.

Abiria wameipokea. Kuna bibi wa Kilifi ambaye kila binti akimaliza humjibu, "Haya mwanangu, nishasikia," na aliponiuliza anakaa chumba gani ili amwachie embe, nilimwelekeza Majengo.

Mkienda, orodha ya vituo iandikeni wenyewe kwa herufi kubwa, msiwaachie wao waandike kwa kusikia. Chukueni mafaili ya WAV, yale makubwa yasiyobanwa, muyaweke hata kama mashine inacheza MP3, kwa sababu mkitaka kukata kitu baadaye ni heri mkatie kwenye yale makubwa. Na msikubali kusikiliza kwenye hedifoni zao, humo kila sauti ni nzuri. Waleteni mpaka kwenye spika zenu, saa ya msongamano. Malipo ni nusu mbele kwa M-Pesa na nusu mkisharidhika. Ijumaa wanafunga saa sita, wanafungua tena saa nane. Mchana.