Wembe wa Safari: Upi Utie Begini Ukitoka Mombasa

Mtu wa Mombasa akifunga safari ya Lamu, Nairobi au Makka, hukumbuka kanzu, chaja na dawa, na wembe huutupia begini dakika ya mwisho. Asubuhi ya pili yuko mbele ya kioo cha gesti, maji ya bomba ni ya chumvi, povu halitoki, na shingo imeanza kumwasha. Vifaa vya kunyolea ndevu nimevipanga kwa maswali matatu tu: ngozi itatulia? Wembe wa akiba utapatikana huko uendako? Na chombo chenyewe kitastahimili hewa yetu ya bahari?

Wa kwanza: mashine ya wembe

Nasema ule mpini wa chuma wa wazee wetu, unaofunguliwa kichwa ukatiwa wembe wa kawaida wa dukani. Wembe ule mwembamba wa makali mawili ndio King Camp Gillette aliopatia hataza Marekani mwaka 1904, na hadi leo ukinunua mashine ya kampuni moja, wembe wa kampuni nyingine huingia bila tabu. Hilo ndilo linaloipa nafasi ya kwanza. Ukiishiwa Mpeketoni au Voi, ingia duka lolote la mtaa uombe wembe, utapewa kwa shilingi chache.

La pili ni ngozi. Wengi wetu tuna ndevu za kipilipili. Wembe wa makali matatu au matano, kali la kwanza huuvuta unywele na linalofuata huukata chini ya usawa wa ngozi. Unywele wa singa ukikatwa hivyo huota ukatoka. Wa kipilipili hujikunja, ukachoma ngozi kutoka ndani, na hapo ndipo vipele vya shingoni vinapoanza. Mashine hii hukata kwa kali moja tu kila upande, usawa wa ngozi, na kuishia hapo. Nyoa kufuata uelekeo wa nywele, usikandamize, na usirudie mahali pamoja mara nne.

Dukani, chagua ya vipande vitatu: kifuniko, bamba la chini na mpini. Zipo zenye vijimlango viwili juu vinavyofunguka ukizungusha kitako cha mpini. Zinapendeza, lakini mchanga na mabaki ya sabuni hukwama ndani, na safarini hutapata nafasi ya kuzisugua. Mwombe muuzaji atie wembe, kisha uinue kichwa kwenye mwanga: makali yachomoze sawa pande zote mbili. Upande mmoja ukizidi, rudisha. Tazama na chuma. Nyingi za bei nafuu ni zinki iliyopakwa rangi ya kung'aa, na rangi hiyo ikibanduka kidogo tu, hewa ya chumvi huimaliza. Ya chuma kisichoshika kutu ina bei kubwa, lakini hiyo utamwachia mwanao.

Kasoro yake ni ndege. Nyembe haziruhusiwi kwenye begi la mkononi. Mimi niliwahi kunyang'anywa pakiti nzima kwenye ukaguzi, na waliokuwa zamu walikuwa na haki. Mashine isiyo na wembe kwa kawaida hupita, kwa hivyo nyembe ziweke kwenye begi kubwa, au ununue ukifika.

Wa pili: mashine ndogo ya betri

Kwa mwenye vipele sugu, hii naipandisha iwe ya kwanza bila kusita. Huacha kisiki kifupi cha ndevu juu ya ngozi, na unywele usiozama hauna njia ya kujikunja ndani. Haitaki maji wala sabuni, jambo kubwa ukiwa mahali pa maji ya kisima. Hasara yake ni kwamba uso hautakuwa laini kabisa. Anayekwenda kuoa atalihisi hilo.

Nunua inayochajiwa kwa waya wa simu, na yenye namna ya kufunga swichi, isije ikajiwasha ndani ya nguo. Kama chaja yake ni ya plagi yetu ya miguu mitatu bapa, itaingia vizuri Tanzania, Uganda na Dubai. Misri na Uturuki utahitaji adapta. Betri za akiba za lithiamu hukaa begi la mkononi, kamwe si kwenye mizigo ya chini ya ndege.

Wa tatu: wembe wa vichwa vya kubadilisha

Huu ni wa msafiri wa ndege mwenye begi moja tu, maana makali yamefungwa ndani ya kichwa, na kwa kawaida unaruhusiwa kupanda nao. Chukua wenye makali mawili hata muuzaji akikusifia wa matano. Beba vichwa vya kutosha tangu nyumbani. Kichwa cha aina moja hakiingii mpini wa aina nyingine, na duka la mji mdogo huenda lisiwe na chako. Pakiti moja ya vichwa hivyo yaweza kukununulia nyembe za kawaida za miezi mingi.

Wa nne: za kutumia na kutupa

Safari ya usiku mmoja, sawa. Zaidi ya hapo utapata uso uliokwaruzwa na takataka za plastiki.

Wembe mrefu wa kukunja mwachie kinyozi wako.

Wanaokwenda Umra

Ukishahirimia hukati unywele hata mmoja mpaka umalize ibada, kisha hunyoa kichwa au hupunguza. Siku hiyo vinyozi huwa na foleni ndefu na mikono ya haraka. Homa ya ini ya aina ya B na C hupitia damu kidogo tu iliyobaki kwenye wembe wa mtu mwingine. Tia pakiti ya nyembe mpya kwenye begi kubwa, umpe kinyozi wembe mmoja, na ufunguliwe karatasi mbele ya macho yako. Haya nawasisitizia hasa wanaowapeleka wazazi wao, kwa sababu wazee wetu huona haya kumwambia kinyozi abadilishe wembe.

Sabuni, shabu na mafuta

Povu la kopo usilinunue kwa safari. Kwenye begi la mkononi, kwa kawaida ndege inakubali vitu vya majimaji visivyozidi mililita 100 kwa chombo, na kopo la mililita 200 litachukuliwa hata kama limebaki robo. Kopo lenyewe limeandikwa lisipite nyuzi 50 za joto. Buti ya basi lililosimama juani Mwembe Tayari, Mombasa, mwezi wa pili hulijui itafika ngapi.

Chukua sabuni ya kunyolea ya kipande. Si majimaji, kwa hivyo haihesabiwi, na yakaa miezi. Maji ya chumvi huua povu la sabuni yoyote, basi tenga nusu kikombe cha maji ya kunywa kwa kulowesha na kukoroga. Uso mzima wanyoleka kwa kiasi hicho. Brashi iwe ya nyuzi za plastiki, hukauka mapema kuliko ya manyoya.

Halafu pita Marikiti, soko letu la Mombasa, kwa wauza viungo, uulize shabu, lile jiwe jeupe la kukaza ngozi.

"Ami, nipe shabu."

"Ya jiwe au ya unga?"

Chukua ya jiwe. Iloweshe, ipitishe usoni baada ya kunyoa: itawasha kidogo, itakaza ngozi na kuzuia damu ya mikwaruzo midogo. Ikaushe kabla ya kuifunga, la sivyo itayeyuka begini. Maliza kwa tone la mafuta ya nazi, tone kweli, kwa kuwa mengi huziba vinyweleo kwenye joto.

Vyote vifunge kwa kipande cha leso kuukuu, kinachopitisha hewa. Mfuko wa plastiki ukifungiwa kitu kibichi, wembe huota kutu usiku mmoja. Wembe usiufute kwa kitambaa, kung'uta maji tu. Uliokwisha makali utie kwenye kikopo kidogo chenye mfuniko urudi nacho nyumbani, usiuache kwenye ndoo ya taka ya gesti, maana dada anayesafisha chumba huitoa taka ile kwa mkono.