Uzoefu wangu na mafundi wa Kisumu walioondoa kutu kwenye rimu za Fiat 500

Mwenye Fiat 500 ya zamani, zile zilizoundwa Italia kuanzia 1957 hadi 1975, hawezi kuingia duka la vipuri Kisumu akatoka na rimu nyingine. Matundu yake manne ya bolti yamepangwa kwenye duara la milimita 190, ilhali rimu za magari madogo ya Kijapani tuliyoyazoea huwa na duara la milimita 100 au 114.3. Kwa hiyo rimu zangu za inchi 12, ambazo mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa amekwisha kuzitolea bei, nilizipeleka kwa mafundi wa jua kali karibu na soko la Kibuye.

Kazi ya kuondoa kutu waliifanya vizuri mno. Fundi hakugusa grenda. Alijaza maji kwenye pipa la plastiki, akayeyusha magadi, kisha akatumbukiza rimu ikining'inia kwa waya uliofungwa upande hasi wa chaja ya betri. Upande chanya aliufunga kwenye vipande vya chuma kikuukuu vilivyoizunguka rimu bila kuigusa. Viputo vilianza kupanda papo hapo, na kufikia kesho yake kutu ilikuwa imegeuka tope jeusi linalong'oka kwa brashi ya waya, huku chuma kizima kikibaki na unene wake. Kazi hii ifanyiwe nje, maana viputo hivyo ni haidrojeni, nayo hushika moto.

Baadaye alizigonga rimu kwa nyundo ndogo, akisikiliza. Moja ilitoa mlio butu kwenye ukingo tairi linapokalia, na bisibisi ikapenya. Hiyo aliichomelea, akaniagiza nitie tyubu. Nyingine ilikuwa na ufa ulioanzia kwenye tundu la bolti, naye aliikataa katakata hata nilipomsihi. Kwangu mimi, kukataa huko kulistahili malipo kuliko kuchomelea.

Upakaji rangi, hata hivyo, sitawapa tena. Walipaka bila praima, yaani rangi ya kwanza ya kukinga chuma, na chuma kilichotoka majini hivi punde hushika kutu upesi, hivyo madoa ya kahawia yakajitokeza mapema. Tena walijaza rangi nzito mahali bolti zinapokalia. Rangi ya namna hiyo hupondeka bolti zikikazwa, nazo hulegea gari likiwa barabarani. Niliikwangua yote kabla ya kufunga magurudumu.