Jupiter-12 kwenye Kamera ya Dijitali: Lenzi Inayopenda Katikati

Lenzi ninayoizungumzia ni Jupiter-12, yenye urefu wa fokasi wa milimita 35 na uwazi (tundu la kupitishia mwanga) mkubwa wa f/2.8, ambapo namba ikipanda tundu hupungua, iliyotengenezwa Muungano wa Kisovieti katika kiwanda cha Lytkarino, karibu na Moscow. Namba yake inaanza na 74, na kwa kuwa tarakimu mbili za mwanzo kwenye lenzi za Kisovieti aghalabu huonyesha mwaka, naichukulia kuwa ni ya mwaka 1974. Nimeitumia kwa miezi minane kwenye kamera mbili za Sony, A7 II yenye sensa ya ukubwa wa fremu ya filamu na a6000 yenye sensa ndogo ya APS-C, na tofauti niliyoiona baina ya kamera hizo mbili ndiyo iliyonifanya niandike.

Kwanza, asili yake, maana ndiyo chanzo cha uzuri wake na cha ubaya wake pia. Umbo la vioo vyake ni la Biogon, lenzi aliyoibuni Ludwig Bertele wa kampuni ya Zeiss ya Ujerumani kwa ajili ya kamera za Contax kabla ya Vita Kuu ya Pili. Baada ya vita Wasovieti walihamisha mitambo na ujuzi kutoka Ujerumani, na lenzi za kwanza walizozitengeneza kwa umbo hilo ziliitwa BK, yaani Biogon ya Krasnogorsk, mji mwingine karibu na Moscow, kabla ya kupewa jina la Jupiter. Kamera za renjifainda kama Contax, ambazo hulenga kupitia kidirisha kilicho kando ya lenzi, hazina kioo cha kuakisi kinachopanda na kushuka mbele ya filamu, hivyo mbunifu aliweza kukisogeza kioo cha nyuma hadi karibu kabisa na filamu. Ukiigeuza lenzi hii utakiona kimetokeza nje kama jicho la chura, kikubwa kuliko kile cha mbele, bila ukingo wowote wa chuma wa kukilinda.

Faida ya umbo hilo inaonekana mara moja kwenye mistari. Nilipiga mlango wa mbao wenye nakshi katika uchochoro wa Mji Mkongwe, Unguja, nikiwa nimesimama hatua tatu tu mbele yake, na mihimili ya pande zote mbili ikatoka imenyooka kama imepigwa rula, bila ule uvimbe ambao lenzi nyingi za kuza huuacha na kisha kuuficha kwa programu. Katikati ya picha, hata kwenye f/2.8, vichwa vya misumari ya shaba vilikuwa vikali vya kutosha, na utofauti wa mwanga na kivuli ulikuwa wa upole, jambo ninalolipenda sana chini ya jua la pwani la saa sita mchana, ambapo lenzi za kisasa hukikaza kivuli hadi kikawa cheusi tii.

Tabu inaanzia pembeni. Filamu hupokea mwanga hata unapoijia kwa mshazari mkali, lakini sensa ina vishimo vidogo vya kupokelea mwanga na juu yake kuna tabaka la vioo vya kuchuja. Kwenye A7 II tabaka hilo lina unene wa takriban milimita mbili, na Bertele hakuliweka katika hesabu zake kwa sababu wakati wake halikuwapo. Kioo cha nyuma kikiwa karibu namna hii, miale inayoelekea kwenye kona za picha inapita ndani ya tabaka hilo kwa mlalo mkubwa na kutawanyika kabla ya kufika. Ukuta mweupe wa chokaa ulio kando ya mlango ule ulitoka na ukingo wa rangi ya zambarau, na ufa uliokuwa kwenye kona ukageuka ukungu. Kuufunga uwazi hadi f/8 kulisaidia, na f/11 kukasaidia zaidi, lakini kona hazikuwahi kuwa kali kama katikati.

Siku ya Idi nilifanya kosa la kuitumia kwenye A7 II kwa picha ya ukoo mzima. Shangazi alisimama mwisho kabisa wa mstari, na alipoiona picha akaniuliza, «Mwanangu, mbona mimi umeniweka kwenye moshi?» Sikuwa na la kumjibu. Picha za kundi kwenye sensa kubwa si kazi ya lenzi hii, na anayepiga picha za harusi kwa malipo asithubutu.

Rangi ya zambarau, tofauti na ukungu, ina dawa. Weka karatasi nyeupe nyembamba mbele ya lenzi, piga picha kwa uwazi uleule uliotumia, kisha ipe programu ya RawTherapee, ambayo haina malipo, iitumie kusahihisha picha nyingine zote. Rangi inaondoka na giza la kona linapungua. Kazi hiyo inachosha ukibadilisha uwazi mara kwa mara, hivyo mimi nimejiwekea f/2.8 na f/8 tu. Kwa picha za rangi nyeusi na nyeupe tatizo halipo tangu mwanzo. Sensa za baadaye zinazopokelea mwanga upande wa nyuma, kama ya A7R II ya mwaka 2015, hupunguza sana zambarau hiyo, na wako mafundi Marekani wanaobadilisha kioo cha sensa kwa chembamba zaidi, lakini gharama ya kazi hiyo inaipita bei ya lenzi mara nyingi.

Kwenye a6000 nilihisi kama nimenunua lenzi nyingine. Sensa ndogo hukata zile kona zenye matatizo, na kinachobaki ni sehemu ambayo Jupiter-12 inaiweza vizuri. Upana wa picha unapungua hadi ule wa lenzi ya milimita 52, kwa hiyo anayetafuta pembe pana ameikosa. Lakini kwa picha ya mtu mmoja ameketi barazani, uwanda huo unatosha.

Matumizi yake ya mkononi yanahitaji subira. Pete ya kubadilishia uwazi imefichwa ndani ya mdomo wa lenzi, kuzunguka kioo cha mbele, na haina mibofyo, hivyo huingiza ncha za vidole na kukisia. Mara kadhaa nimeacha alama ya kidole juu ya kioo bila kujua. Haiwezi kufokasi kitu kilicho karibu zaidi ya mita moja. Kwenye menyu ya kamera ni lazima uruhusu shata ifanye kazi bila lenzi kutambuliwa, na kwenye A7 II uiandikie mwenyewe milimita 35 ili kizuia mtikisiko kifanye hesabu sahihi.

Ununuzi nao una mitego. Muuzaji wangu wa mtandaoni aliandika kwamba lenzi imesafishwa na kutiwa grisi mpya. Ilipofika, pete ya fokasi ilikuwa ngumu kama kifuniko cha chupa ya asali, na nyuma ilikuwa imefunikwa kwa kifuniko kifupi cha kawaida kilichokuwa kinagusa kioo na kuacha mkwaruzo karibu na katikati. Mkwaruzo wa kioo cha nyuma huonekana kwenye picha zaidi kuliko wa mbele, hasa ukifunga uwazi. Dai kifuniko kirefu kilichotengenezwa kwa ajili yake, chagua toleo la skrubu la M39 (uzi wa milimita 39) na si lile la kamera za Kisovieti za Kiev, lisilo la skrubu, na upate adapta yenye tundu pana ndani, kwa sababu nyembamba zitagonga kile kioo. Kwa kamera usiyoiona mtu akiitumia na lenzi hii, ingiza polepole na uache mara tu unapohisi kizuizi.

Mulika tochi kupitia vioo kabla ya kulipa. Nyuzi za kuvu, ambazo unyevu wa pwani huzilisha vizuri, huonekana kama utando wa buibui. Yangu ilikuwa safi, nami huihifadhi kwenye kopo la plastiki lenye vipakiti vya kukausha unyevu. A7 II nimeirudishia lenzi yake ya kisasa, na Jupiter-12 sasa haitoki kwenye a6000.