Kituo cha mafuta kati ya Kisian na Maseno: wahudumu wema, mtaro mbaya

Kwa muda wa miezi kumi na minne nimekuwa nikinunua petroli katika kituo kidogo kilicho kando ya barabara ya Kisumu kwenda Busia, baada ya kupita Kisian na kabla ya kufika Maseno. Ninakiandikia tathmini kwa sababu ni kituo cha kwanza nilichokiona ambacho wahudumu wake huyatazama mafuta yanayodondoka chini kwa makini yale yale wanayoyatazama yanayoingia tangini. Mimi ni mwalimu. Kila siku ya shule huupanda mlima wa kuelekea Maseno asubuhi kwa pikipiki ya cc 150 na kuushuka jioni, mara nyingi wakati mvua ya kutoka ziwani imeanza kunyesha, na kwa mtu wa magurudumu mawili hakuna jambo kubwa zaidi ya hali ya lami iliyo mbele yake.

Wengi huchagua kituo kwa bei. Hapa nchini bei haimfikishi mtu mbali, maana Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli hutangaza bei za juu kabisa kila tarehe 14 ya mwezi, na vituo vya eneo moja hutofautiana kwa shilingi chache au visitofautiane kabisa. Kwa hiyo ninachokipima mimi ni kile ambacho kituo huiachia barabara baada ya mteja kuondoka.

Nililijifunza hilo kwa maumivu. Ilikuwa Aprili, katikati ya mvua za masika, katika kona inayopinda kushoto mara tu mlima unapoanza. Lori la mizigo lilikuwa limejazwa dizeli hadi shingoni katika kituo kingine nisichokitaja hapa, likatoka bila kifuniko kufungwa sawasawa, na kila lilipoinama katika kupanda lilikuwa likimwaga. Nilipoirudia njia hiyo baadaye kwa miguu niliiona alama yenyewe: mstari mweusi wenye upana wa viatu viwili, ulioanzia penye njia ya kutokea ya kituo hicho na kufuata kona yote kama mtu aliyeuchora kwa makusudi. Mwendo wangu haukufika kilomita 30 kwa saa. Gurudumu la mbele liliteleza kabla sijagusa breki, nami nikajikuta nimelala ubavu, pikipiki ikiendelea kusota peke yake hadi ukingoni. Kiwiko kilichubuka na goti likavimba. Mkoba wangu ulikuwa na insha thelathini na nane za wanafunzi, zikalowa dizeli. Wino haukufutika, lakini karatasi ziligeuka kuwa kama kioo, maandishi ya upande wa nyuma yakaonekana mbele, na harufu haikutoka hata baada ya kuzianika siku tatu.

Vijana wa bodaboda walionisaidia walinikalisha kwenye nyasi. Mmoja wao aliniambia, "Pole sana, ndugu yangu. Wewe ni wa tatu tangu asubuhi." Walichota udongo wa kando ya barabara wakaumwaga juu ya mafuta, kwa nia njema kabisa, na jioni mvua ikaugeuza udongo ule kuwa tope lenye dizeli ndani yake. Kwa siku mbili kona hiyo ilikuwa mbaya kuliko mwanzo.

Inafaa nieleze kwa nini ninaihofia dizeli zaidi, kwa sababu wapanda pikipiki wengi niliozungumza nao huihofia petroli. Petroli ikimwagika hatari yake ni moto, na hilo si dogo. Lakini juu ya lami yenye jua huvukiza haraka, na baada ya muda mfupi barabara huwa imekauka. Dizeli ni nzito, ina utelezi wa mafuta ya kulainishia mashine, haivukizi upesi, na inaweza kukaa kwenye lami kwa siku kadhaa. Ukiisugua kati ya vidole viwili utaelewa mara moja. Mvua ikinyesha haiiondoi, kwa kuwa dizeli ni nyepesi kuliko maji na huelea juu yake: ile iliyojificha katika vitundu vya lami hupanda, hutandaa, na kuonyesha zile rangi za upinde wa mvua ambazo watoto huzifurahia. Tena dizeli huyeyusha lami yenyewe polepole, na ndiyo sababu vituo vingi hutandika kabro (matofali ya zege) au zege mahali pa pampu. Gari lenye matairi manne likipita hapo huenda dereva asihisi lolote. Pikipiki, hasa ikiwa imeinama kwenye kona, hutegemea sehemu ya tairi isiyozidi ukubwa wa kiganja.

Sasa nije kwenye huduma yenyewe. Mwenye pikipiki anapofika kituoni hapo huombwa ashuke kwanza na kuzima injini. Mhudumu hauachi mdomo wa pampu peke yake hata kidogo. Huushika kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine hushika kitambaa kuzunguka shingo ya tangi, kisha huacha nafasi ya kama vidole viwili kabla ya kufika juu. Mara ya kwanza nililalamika, maana nilitaka tangi lijae. Mhudumu alinijibu kwa upole, "Mwalimu, mafuta yametoka chini ya ardhi yakiwa baridi. Jua likiyapata yatavimba, na yakikosa nafasi yatakumwagikia kwenye injini au kwenye tairi lako mwenyewe." Nilikwenda nyumbani nikapiga hesabu, nikaona ana haki. Tangi la lori la lita 400, likijazwa pomoni na dizeli kisha likapata joto la nyuzi 10 zaidi, huongezeka kwa lita tatu na ushee. Lita tatu hizo hazina pa kwenda ila barabarani.

Nilichokipenda zaidi nilikishuhudia mwezi wa Septemba. Dereva wa trela aliyekuwa akielekea mpakani alitaka aongezewe dizeli baada ya pampu kujizima yenyewe. Wanaouza mafuta watanielewa: kubonyeza tena na tena baada ya pampu kukata ni kawaida kila mahali, na kwa kituo ni mauzo ya ziada. Mhudumu wa kike, ambaye kwa umri angeweza kuwa binti wa dereva yule, alirudisha mdomo wa pampu mahali pake na kusema, "Baba, limetosha. Ukipanda mlima na hayo utawamwagia walio nyuma yako." Dereva alinung'unika. Binti akakizungusha mwenyewe kifuniko, akakivuta kuhakikisha kimeshika, ndipo akapokea malipo. Niliona kwamba raba ya kifuniko hicho ilikuwa imepasuka, naye akamwonyesha dereva na kumsihi anunue nyingine Busia. Sijui kama aliinunua.

Na mafuta yakimwagika? Yanamwagika hata hapo, kwa kuwa wahudumu ni binadamu. Tofauti ni kwamba pembeni mwa kila pampu kuna ndoo mbili, moja ya mchanga mkavu na nyingine ya maranda kutoka kwa mafundi seremala wa Kisian. Maranda hutandazwa kwanza yanywe mafuta, husuguliwa kwa fagio gumu, huachwa kwa dakika chache, kisha huzolewa yote na kutiwa katika pipa lenye kifuniko. Baada ya hapo mahali husuguliwa kwa maji kidogo na sabuni ya unga. Hatua ya kuzoa ndiyo wengi huiruka. Mchanga ulioachwa juu ya lami huwa ni kama punje za mtama chini ya tairi, na mwendesha pikipiki aliyeokolewa na dizeli huangushwa na dawa yake.

Nilimwuliza mhudumu mkuu walikopata nidhamu hiyo. Yeye ni mwenyeji wa Gem, na hakunijibu kwa habari za mafunzo ya kampuni. Alinitajia Malanga, huko huko Gem, ambapo usiku wa Julai 2021, kwenye barabara hii hii, lori la mafuta lilipata ajali, watu wakaja na mitungi kuchota petroli iliyomwagika, moto ukalipuka na kuua watu wasiopungua 13. Kila aliye na umri wa kutosha katika nchi hii anakumbuka pia Sachangwan, karibu na Molo, Januari 2009, ambapo zaidi ya watu 100 waliteketea kwa namna hiyo hiyo. "Tone na lori ni ndugu," alisema mzee huyo. Nadhani anayajua mafuta kwa namna ambayo mabango ya usalama hayawezi kumfundisha mtu.

Mambo mengine nitayapitia kwa haraka. Kipimo cha pampu ninakiamini, kwa maana umbali ninaosafiri kwa lita moja haujabadilika. Upepo wa matairi ni wa bure na geji yao haidanganyi. Malipo ya simu hupokelewa bila usumbufu, choo ni kisafi, na chai hakuna.

Yako mawili yanayonizuia kukipa kituo hiki nyota zote tano. La kwanza ni zamu ya usiku. Mara mbili nimepita baada ya saa tatu usiku na kukuta kijana mmoja tu akihudumia pampu zote nne, ndoo za maranda zikiwa tupu, na yeye akiwa amechoka kiasi cha kuwaacha wenye pikipiki wakae juu ya viti vyao wakati wa kujaza. Usiku ndipo malori marefu yanapojaza mafuta kwa wingi, na ndipo mwenye pikipiki asipoweza kuziona zile rangi juu ya lami. Hubakiwa na pua yake tu. Mwenye kituo angeongeza mtu mmoja zamu hiyo kabla ya kufikiria kupaka rangi upya.

La pili ni mtaro, na hili ni zito zaidi. Uwanja wa kituo umeinamia barabarani. Kwa kawaida maji ya uwanja hukusanywa na mtaro wenye chuma cha wavu, ambao huyapeleka kwenye chemba inayotenganisha mafuta na maji kabla ya maji kuachiliwa kwenda mtoni na hatimaye ziwani. Mtaro upo, na chemba ipo, nimeonyeshwa. Lakini wavu upande wa njia ya kutokea umezibwa na majani ya mkaratusi na vifuniko vya chupa, kwa hiyo mvua kubwa ikija, maji huuruka mtaro na kutiririka moja kwa moja hadi ukingo wa lami, pale pale ambapo bodaboda hupunguza mwendo ili kuchukua abiria. Kazi yote ya ndoo na fagio huishia hapo. Nimepiga magoti nikayagusa maji hayo kwa kidole: yana utelezi, na yananuka.

Kwa wenzangu wa pikipiki watakaopita hapo siku ya mvua, nashauri mtoke kituoni kwa kutumia upande wa juu, ulio karibu na Maseno, hata kama mnaelekea Kisumu, kisha mgeuze mbele penye nafasi. Ukihisi umekanyaga mafuta, usikamate breki wala usigeuze usukani ghafla. Legeza mwendo, iache pikipiki inyooke, na ukishasimama osha tairi kwa sabuni na maji kabla ya kuinama kwenye kona nyingine. Wahudumu wa hapo watakupa sabuni hiyo bila malipo. Mimi nimepewa mara mbili.

Nyota nne. Nilimwandikia mwenye kituo ujumbe kuhusu mtaro, na alinijibu siku hiyo hiyo, akanishukuru na kuahidi kwamba utazibuliwa kabla ya Jumatatu. Nilipopita Jumatano asubuhi wavu ulikuwa umesafishwa nusu, na nusu iliyobaki, ya upande wa barabarani, bado ina majani.