Kadi za igizo dhima katika somo la Kiingereza: uzoefu wangu

Kadi za igizo dhima, yaani kadi zinazompa kila mwanafunzi mtu wa kuigiza katika mazungumzo, nimezitumia kidato cha kwanza, kwa wanafunzi waliosoma shule ya msingi kwa Kiswahili na ghafla wanatakiwa kujifunza karibu kila somo kwa Kiingereza. Katika kuwafungua mdomo, sijaona kinachozishinda, ila kwa sharti moja: kila kadi iwe na jambo ambalo mwenye kadi ya pili halijui.

Majibizano ya kitabuni hayana siri. Wote wawili wanaona mistari yote, hivyo hakuna anayelazimika kusikiliza. Kila mmoja anangoja zamu yake asome. Sasa chukua kadi mbili za duka la dawa. Ya mteja: mtoto ana miaka 4, anakohoa kwa siku 3, penisilini inamdhuru, usiseme mpaka uulizwe. Ya muuzaji: pata habari zote muhimu kabla ya kutoa dawa. Muuzaji asipouliza kuhusu dawa zinazomdhuru mtoto, anaweza kutoa isiyofaa, na wote wanaelewa papo hapo kwa nini swali lile lilihitajika.

Gharama ni ndogo. Karatasi moja ya manila ukiikunja katikati mara nne unapata kadi 16. Andika dondoo tu, maneno yasizidi 20. Ukiandika sentensi kamili watazisoma, na mazungumzo yatakufa.

Kipindi cha dakika 40 nakigawa hivi: 8 za msamiati na namna za kuuliza, 3 za kusoma kadi kimya, 5 za igizo, 10 za masahihisho, 5 za kurudia na mwenza mpya, zinazobaki ni za kundi moja au mawili mbele ya darasa. Muda ukibana, kata maonyesho ya mbele, usikate marudio. Mara ya kwanza akili yote imo katika kutafuta maneno. Mara ya pili maneno yapo, na mwanafunzi anapata nafasi ya kuangalia sarufi yake.

Darasa la watu 60 ligawe makundi 20 ya watatu watatu. Wa tatu anaandika maswali yaliyoulizwa na mahali walipokwama, kisha wanabadilishana. Kelele zitakuwepo, kwa hiyo mwambie mapema mwalimu wa chumba cha jirani.

Wakirudi kwenye Kiswahili, mara nyingi si ukaidi, wamekosa neno. Acha ubaoni sentensi za kujiokoa: “Sorry, can you say that again?” na “Give me a moment.” Usimkatize anayezungumza. Andika makosa pembeni, uyasahihishe baadaye bila kutaja jina la mtu. Kuchanganya “he” na “she” hakutakosekana.

Wenye aibu waketi wakipeana migongo, kama wanaopigiana simu. Hakuna anayetazamwa usoni, na bila ishara za mikono inabidi kutamka vizuri.

Udhaifu mkubwa ni matamshi: wanafunzi wanaelewana hata wote wakikosea kwa namna moja, kwa hiyo wasikilizishe pia sauti zilizorekodiwa. Tena chagua mada kwa makini. Kaunta ya uwanja wa ndege humwacha bubu mtoto anayejua stendi ya basi na zahanati tu. Mapokezi ya hoteli nayaweka kwa wanaosomea utalii Arusha au Zanzibar.