Kliniki ya kuhasi paka hapa Amu (Lamu), nawapa nyota nne

Nyuma ya nyumba yetu Langoni alikuwa paka jike mmoja tu, mweupe ana baka jeusi mgongoni. Mimba ya paka ni siku 65 hivi, na mwanawe akifika miezi mitano sita naye keshashika, basi mwaka haujaisha nawahesabu kumi na moja, na mapaka shume yanapigana darini usiku kucha hulali. Jirani akasema tuwatie sumu. Nikamwambia wallahi siwezi, yule mwanamke wa kwenye hadithi ya Mtume aliyeingia motoni kwa kumfungia paka mpaka akafa njaa, habari yake tunaijua sote, na isitoshe vichwa vya samaki tunatupa wenyewe.

Ndo nikaenda kliniki. Wanakuazima tundu la mtego, unaweka chambo mwisho kabisa, paka akikanyaga kile kibati mlango unajifunga. Mimi niliweka dagaa wakavu wakanusa wakaenda zao, nilipoweka kichwa cha nguru kibichi hata dakika kumi hazikufika. Akinasa tu mfunike kwa leso, giza linamtuliza, wa kwanza nilimwacha wazi akajigonga pua kwenye waya mpaka damu, niliumia sana.

Pale anatiwa dawa ya usingizi, dume anatolewa makende, jike anatolewa kizazi, anachanjwa kichaa cha mbwa, na kabla hajaamka wanamkata ncha ya sikio la kushoto, ukimwona mtaani unajua huyu keshafanyiwa asikamatwe tena. Halafu unamrudisha palepale ulipomtoa. Hapa ndo watu wananibishia, ati si ungewatupa kijijini Shela huko! Ukiwaondoa chakula si kiko palepale, watakuja wengine wasiohasiwa waanze kuzaa upya, na hizi nyumba zetu za mawe bila paka panya tutawaweza?

Nyota moja nimeiondoa kwa sababu mbili. Hakuna aliyeniambia paka mkubwa asile usiku kabla ya operesheni, nikamlisha vizuri kwa huruma zangu, kufika asubuhi nikarudishwa, na tundu lenyewe zito nimelibeba vichochoroni na punda wanapita. Ya pili wale madume kurudi jioni sawa, lakini jike aliyepasuliwa tumbo walitaka nimwachie mtaani wakati wa Magharibi na bado anayumba miguu. Nikamlaza stoo kwenye gunia, alfajiri alipokula na kusimama sawasawa ndo nikamfungulia. Tafadhalini majike walale kwenu usiku mmoja.

Kazi yenyewe lakini ni safi, kidonda chembamba, sikuona usaha kwa yeyote, na darini sasa kimya. Tisa tayari. Wamebaki majike wawili wajanja hata nguru hawamtaki, na mmoja tumbo naliona limeanza kushuka, kwa hivo Jumamosi nalifuata tundu tena, mwenye kujua chambo kingine aniambie haraka.