Taa Nzuri, Ulimi Mbaya: Matumbawe Yangu na Duka Moja Hapa Kisumu

Nianze na maneno yenyewe, maana ndiyo yaliyonifanya niandike. “Mama, hayo ni mawe tu. Mawe hayaugui.”

Nilikuwa nimempigia simu kijana wa duka lililoniuzia taa ya tangi langu la matumbawe ya baharini. Ilikuwa saa mbili usiku, nimesimama mbele ya tangi sebuleni kwangu Migosi, kandambili miguuni, nikitazama tumbawe la shilingi elfu sita likigeuka jeupe kama sahani. Akasema hivyo, akacheka, kisha nikamsikia akimwambia mtu aliyekuwa karibu naye, “Ni yule mama wa mawe.” Simu ikakatika. Sijui kama alikata yeye au salio langu liliisha. Naamini alikata yeye.

Nimefundisha bayolojia muda mrefu kuliko umri wa kijana huyo. Tumbawe ni mnyama. Ana mdomo, ana tumbo, ana mikono ya kunasia chakula. Hilo jiwe unaloliona ni nyumba aliyojijengea mwenyewe kwa chokaa anayoitoa majini. Kumwita jiwe ni sawa na kumwita mpangaji wa Migosi tofali.

Basi nieleze yalivyoanza. Tangi langu ni la lita 180, si kubwa. Majirani walilizoea pole pole, ingawa bado wapo wanaoniuliza kwa nini nahangaika na maji ya chumvi ilhali ziwa liko pale chini, na kama samaki ndio ninaowataka si ningefuga ngege, angalau ngege analiwa. Matumbawe niliyapata kwa jamaa mmoja wa Nairobi anayeyakuza kwa kukata vipande na kuvipandikiza. Hayakung'olewa baharini, na nalisema hili mapema kwa sababu kila mgeni huniuliza: kung'oa tumbawe kwenye hifadhi za bahari kama Malindi, Watamu au Kisite ni kosa, na matumbawe magumu yamo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, kwa hiyo hata kuyavusha mpaka kunataka karatasi. Yangu yalikuja kwa matatu, ndani ya kibaridisho nilichokipakata kuanzia Nairobi hadi stendi. Nakuru dereva alisimama watu wale, mimi sikushuka.

Taa niliinunua hapa hapa mjini kwa sababu nilitaka duka ninaloweza kuliendea kwa miguu mambo yakiharibika. Shilingi elfu thelathini na moja. Ndani ya bei hiyo kulikuwa na kijana wa kuja kuifunga.

Akaja na boda boda, akaitundika shubiri moja juu ya maji, akafungua rangi zote hadi mwisho: nyeupe, nyekundu, kijani, buluu, zambarau, kila kitu mia kwa mia. Sebule ikawaka kama uwanja wa mpira. Nikamwambia, “Kijana wangu, huu si mwanga mwingi?” Akanijibu bila kugeuka: “Kwani Mombasa hakuna jua?”

Nikanyamaza. Hapa nina kosa langu, na nimelikiri mara nyingi nikiwa peke yangu jikoni. Nilijua. Maji hula mwanga, na huanza na mwekundu. Ukishuka mita kumi tu wekundu umekwisha karibu wote, na kinachobaki kwa wingi ni buluu. Tumbawe linaloishi huko halijawahi kuona jua la Mombasa kama tunavyoliona sisi tuliosimama kivukoni Likoni. Tena haya yangu yalikuwa yamezoea taa hafifu ya yule jamaa wa Nairobi. Ni kama kumtoa mtu kwenye chumba cha giza umwambie atazame jua saa sita. Nilijua yote hayo, nikamwachia kijana mwenye bisibisi aamue, kwa kuwa alikuwa na haraka nami niliona haya kumchelewesha.

Siku ya tatu hivi ndipo weupe ulipoanza, kwenye ncha kwanza. Ndani ya ngozi ya tumbawe huishi mwani wa chembe moja, wa hudhurungi, ambao hutengeneza sukari kwa mwanga na kumgawia mwenyeji wake. Sehemu kubwa ya chakula chake hutoka humo. Mwanga ukizidi, au joto likizidi, mwani huo hugeuka sumu kwa mwenye nyumba, naye huufukuza. Akishaufukuza, ngozi yake huwa kama kioo na unaona mifupa. Pwani yetu iliona hivyo mwaka wa 1998, bahari ilipopata joto la El Niño. Mimi nimeiona sebuleni.

Asubuhi baada ya ile simu nikaenda dukani mwenyewe. Mwenye duka ni mtu wa heshima, sina neno naye. Aliniita mwalimu, akanipa kiti, akaniuliza habari za nyumbani. Kijana alikuwa nyuma ya kaunta akipanga makopo, akasema, si kwa sauti kubwa, lakini si kwa sauti ndogo pia: “Karibu, mama wa mawe.” Mwenye duka hakumkanya. Labda hakusikia. Alisikia.

Na bado nikatoa pesa! Nikauziwa kopo la chakula cha unga, nikaambiwa matumbawe yaliyopauka yana njaa, niyalishe vijiko viwili kila siku na rangi itarudi. Kuna ukweli kidogo humo, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Tumbawe lililofukuza mwani wake kweli lina njaa, na kulilisha kunaweza kuliokoa. Lakini vijiko viwili kila siku kwenye lita 180? Wiki ya kwanza maji yakawa kama uji mwepesi. Wiki ya pili mwani wa nyuzi ukaota juu ya mawe (mawe halisi sasa, yale yasiyougua) na matumbawe yaliyokuwa yamesalimika yakaanza kuwa hudhurungi. Mwani wa ndani ulikuwa umepata mbolea ya bure ukazaana hadi ukafunika kila kitu. Niliahidiwa rangi, nikapata chai ya rangi.

Hapo ndipo nilipoacha kuwasikiliza watu wa duka nikayashughulikia mwenyewe. Nikaipandisha taa hadi zaidi ya futi moja juu ya maji. Nyekundu na kijani nikazizima kabisa, nyeupe nikaiacha kidogo sana, buluu na zambarau nikazianzisha kwenye robo tu, saa nane kwa siku, nikiongeza kidogo kila wiki kama mtu anayemrudisha mgonjwa kwenye ugali. Kopo la unga nikalifungia kabatini. Nikawa nalisha mara mbili kwa wiki, usiku, taa zikiwa zimezimwa, kwa sababu usiku ndipo mengi yao hunyoosha mikono. Maji nikayabadilisha sehemu moja ya kumi kila Jumamosi, kwa maji yaliyosafishwa ninayoyanunua kwa jerikeni, nikiyatia chumvi hadi kipimo kisome 1.025. Wala sikuyafanya yawe masafi kupita kiasi, maana nitrati na fosfati, ndizo mbolea za majini, zikifika sufuri kabisa rangi hupauka vile vile. Rangi ya tumbawe inakaa katikati ya njaa na shibe, na hapo katikati ni pembamba.

Wiki zikapita pasipo jambo lolote. Tumbawe la elfu sita nikalitupa, lilikuwa limeanza kunuka kama dagaa waliolowa mvua.

Kisha jioni moja, baada ya nyeupe kuzimika na buluu kubaki peke yake, nikaona uzi wa kijani. Ulizunguka ukingo wa tumbawe dogo nililokuwa nimekwisha kulikatia tamaa, mwembamba kama wino wa kalamu ya kusahihishia. Nikadhani ni macho. Nikazima taa ya sebule, nikapiga magoti sakafuni. Kijani kile hakikuwa kimepakwa juu, kilikuwa kinawaka kutoka ndani. Ngozi ya tumbawe ina protini zinazomeza mwanga wa buluu na kuutoa ukiwa kijani, au mwekundu, au chungwa. Ndugu yao mmoja aligunduliwa ndani ya konyeza wa baharini (jellyfish) aitwaye Aequorea victoria, na kazi hiyo ikampa Osamu Shimomura na wenzake wawili Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka wa 2008. Victoria, kama ziwa letu. Nilicheka peke yangu pale chini.

Usiku huo nililisha. Nilizima pampu, nikavuta uduvi wa kugandishwa, waliokwisha kuyeyuka, kwenye bomba la sindano, nikawadondosha taratibu. Uduvi mmoja, mdogo kama koma kwenye karatasi, akatua kwenye ncha ya mkono. Mkono ukakunjwa. Mwingine ukaja kusaidia. Mdomo ukafunguka katikati, mpasuko mdogo wa waridi, na yule uduvi akaingia polepole, kichwa kwanza. Ilichukua dakika nne. Laiti kijana yule angekuwepo, ningemuuliza jiwe gani linatafuna.

Kwa hiyo taa hii ni nzuri. Naandika hilo huku nikiwa na hasira bado, kwa hiyo mniamini. Buluu yake ni safi, haipepesi, na kuipunguza taratibu jioni ni rahisi hata kwangu. Nyota nne.

Ila wadudu wa ziwa. Aliyeitengeneza hajawahi kulala Kisumu. Usiku mmoja, ule upepo wa kutoka Dunga ulipokuja na wingu lao, walivutwa na ile zambarau kama wageni wa matanga wanavyovutwa na sufuria. Walijaa kwenye feni ndogo iliyo mgongoni mwa taa hadi ikasimama, na taa ikajizima kwa joto. Nilitumia mswaki wa zamani kuwatoa, jioni nzima. Nilipowapelekea lalamiko, kijana akasema waranti haihusu wadudu. Nyota tatu, basi. Siku hizi nimeifunika feni kwa kipande cha soksi ndefu ya kike, nacho kinafanya kazi.

Na haki itendeke: ile wiki ya weupe stima ilipotea mara mbili, mara ya pili tangu mchana hadi jioni. Kipimajoto kilisoma karibu 30, wakati matumbawe yangu yamezoea 26. Nilikuwa natia chupa za soda zilizojaa barafu ndani ya tangi, nikizibadilisha kila barafu ilipoisha. Kwa hiyo labda taa haikuua peke yake. Labda yangepona kama ingekuwa mia kwa mia bila lile joto, au joto bila mia kwa mia. Nimelifikiria sana hili. Kisha namkumbuka kijana akicheka kwenye simu, na fikra zote hizo za haki hunitoka.

Duka nalipa nyota moja, ya kile kiti nilichopewa. Na bado naenda huko, kwa sababu chumvi ya matangi siipati kwingine karibu. Mara ya mwisho nilimwonyesha mwenye duka picha ya lile tumbawe chini ya buluu, lenye duara la kijani na mdomo wa waridi. Kijana akainama kuangalia, akakaa kimya kwa muda, akaniomba nimtumie. Nikamtumia, sijui kwa nini.

Jana akaniandikia: “Shikamoo mwalimu. Unaweza kunikatia kipande cha lile jiwe la kijani?”

Sijamjibu.